Nani Baba wa Ngano

"Hivi, Mama Eliamani, ngano nayo ina baba?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Mama Sikitu, asubuhi ya Alhamisi, yeye upande wake wa ukuta akianika mashuka, mimi upande wangu nikichambua maharage. Ukuta wenyewe unafika kifuani tu, kwa sababu serikali yetu ilipunguza kuta zote ili majirani wapendane.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na nilifundishwa kumcha Mungu kabla sijafundishwa kusoma. Mtu akiniuliza neno, namjibu lilivyo.

"Inaye," nikasema. "Na mama inaye. Kazi yangu kule kituo cha utafiti ndiyo hiyo, kuwaoza."

"Wee! Na mahari anakula nani?"

"Daktari. Si unaona alivyokonda?"

Tukacheka mpaka kuku wakasogea.

"Na huyo bwana mwenyewe ni nani, shoga?"

"Nyasi-mbuzi. Ile inayoota kando ya reli, yenye vikucha vinavyong'ang'ania soksi."

"Toba! Ngano ya taifa kuolewa na majani ya mbuzi?"

"Mara moja tu, na ni miaka tisa sasa. Tangu hapo watoto wa kiume tunawarudisha kwa mama yao, ule unyasi upungue, ibaki nguvu ya kukataa ugonjwa."

"Makubwa hayo," akasema. Akapangusa mikono kwenye kanga, akachomoa penseli sikioni.

Lazima nieleze habari ya penseli.

*

Katika nchi yetu (jina lake hatulitaji bila kibali, kibali nimeomba, huu mwaka wa pili) kila nyumba ina daftari la Ujirani Mwema. Unaandika mambo mema aliyofanya jirani yako wiki nzima, na Jumamosi unapeleka ofisi ya kata. Mimi namwandikia Mama Sikitu na mumewe, yeye ananiandikia mimi. Ukurasa ukiwa mtupu, wewe mwenyewe unaitwa kuulizwa unamficha nani.

Kwa hiyo wiki isiyo na jambo inatupa shida kweli. Mimi nilikuwa naandika: "Jumatatu amepika kisamvu. Jumanne amemsuka mke wa mwalimu. Jumatano kimya." Wakaniita wakaniuliza kimya cha nini. Tangu siku ile siandiki kimya.

Wiki ile Mama Sikitu alikuwa hana kitu juu yangu, maana mjane anayesali, anayekwenda kazini na kurudi, haandikiki. Sasa akapata. Alinisomea mwenyewe kabla ya kupeleka, kwa uaminifu wake: "Mama Eliamani amesema ngano ya taifa ina baba, na baba huyo si mwenzetu."

"Nimekosea herufi?"

"Hapana, jirani. Umeandika vizuri."

*

Ngano yetu ya taifa inaitwa Ushindi. Ipo kwenye bendera, kwenye stempu, na kwenye kofia ya kiongozi wetu, Baba wa Suke. Nchi nzima tunapanda Ushindi peke yake, toka mpaka huu hadi mpaka ule, kwa sababu Baba wa Suke alisema siku moja kwamba taifa moja lina ngano moja. Aina nyingine kumi na nne zilizokuwapo zikaonekana hazina uzalendo, zikachomwa.

Nchi nzima ilifurahi isipokuwa Daktari Nzunda wa kituo cha utafiti. Alikuwa mzee mwembamba, mtafunaji wa karanga, ambaye macho yalikuwa yamemwisha kwa kuchungulia maua madogo. Kwa hiyo alitumia yangu.

"Mama," aliniambia mwaka ule wa kwanza, "mashamba yote yakiwa damu moja, ugonjwa ukijifunza kufungua mlango mmoja umefungua yote. Tuitafutie hii ngano bwana wa nje."

Basi nikaioza. Suke likiwa bado bichi, nafungua kila ua kwa kibano chembamba na kung'oa vijifuko vitatu vya chavua kabla havijawa vya njano, ua lisije likajizalia lenyewe. Bibi harusi namvika mfuko wa karatasi, namfunga uzi wenye kibandiko: jina la mama kwanza, la baba pili, tarehe. Siku ya tatu namletea chavua ya bwana. Kila ua nalisemea sala fupi, maana sijui kuoza bila sala. Mwaka wa kwanza, katika masuke mia nne, tulipata punje tatu. Mbili zilitoa mimea tasa. Ya tatu ilitoa mmea wenye chavua kidogo sana, kiasi cha kupaka ukucha. Tukaipeleka kwa mama yake. Msimu mwingine tena. Hadi mara sita.

Na kuna desturi ya kwetu iliyo ya zamani kuliko serikali yoyote. Wakati wa kuvuna na kupura, punje iliyoanguka chini ni ya mjane. Si ya mwenye shamba tena, imeshahama mkono. Mwanamke mwenye mume haigusi hata ikijaa njia nzima, kwa sababu kuiokota ni kusema mume wangu hayupo.

Mama Sikitu alikuwa akipita kwenye uwanja wetu wa kupuria anakunja sketi na kuruka zile punje kama anaruka siafu. "Mama Eliamani, vitu vyako hivi vinanitisha!"

Mumewe, Baba Sikitu, fundi baiskeli, alikuwa akisimama pembeni makusudi kutazama. "Ruka, mke wangu, ruka! Bado nahitajika duniani!"

*

Mwezi wa tano mashamba yakabadilika. Ukipita kati ya ngano unatoka na sketi ya rangi ya tofali, na ukiikung'uta lile vumbi halitui, linabaki hewani kama linasubiri mtu mwingine. Mabua yakalegea. Mimi na Daktari tuliijua ile: kutu ya ngano, ule ugonjwa aliokuwa akiuogopa.

Redio ikatangaza kwamba Ushindi, kwa upendo wake kwa Baba wa Suke, imeiva mapema na kugeuka dhahabu. Wananchi tukaagizwa tupongezane. Jumatatu iliyofuata neno kutu likafutwa kwa tangazo la kurasa mbili, lisitumike tena kwa mmea, wala chuma, wala bati.

Sasa mimi Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimeshaandika daftari langu. Niliandika jema nililoliona: "Baba Sikitu amemtengenezea katekista baiskeli bure. Amesema mnyororo ulikuwa umeliwa na kutu." Jumamosi nikapeleka. Jumanne wakasoma. Jumatano wakaja vijana wawili wapole sana, wenye viatu vya mpira visivyo na sauti. Walimwambia Baba Sikitu amefanya kazi kubwa maisha yake yote, na serikali imeamua kumpumzisha. Wakambeba na kifuko chake cha spana. Mlangoni wakabandika karatasi: ANAPUMZIKA.

Nilikwenda mwenyewe ofisini. Nikasema, "Mwanangu, siku ninaandika neno lilikuwa bado halali."

Karani akanitazama kwa huruma. "Ni kweli, mama. Lakini sisi tulilisoma baadaye."

Nikarudi, nikamweleza Mama Sikitu yote, palepale ukutani: nilichoandika, siku niliyoandika, nilichojibiwa. Alikuwa anaanika shati la mumewe. Hakulia. Kwetu anayepumzishwa haliliwi, maana kulia ni kusema serikali imekosea, na kujifunga kitambaa cheusi ni kosa kubwa zaidi. Alilikung'uta lile shati hadi likanyooka, akalibana kwa vibanio vinne ingawa viwili vingetosha.

"Uliandika kweli," akasema. "Ile baiskeli aliitengeneza bure."

*

Ndipo daftari lake yeye likafika mezani kwa wakubwa.

Tunayo sheria inaitwa Sheria ya Nasaba. Ilitungwa zamani kwa ajili ya bwana mmoja aliyependwa sana na watu, akataka kugombea. Ikagundulika kwamba baba wa babu yake alivuka mto kuja huku. Sheria ikasema mtoto ni wa baba, na baba ni wa alikotoka, hata vipite vizazi vingapi. Yule bwana akarudishwa ng'ambo ya mto, ambako hakuwa akimjua mtu hata mmoja. Tangu hapo sheria ilikaa bila kazi, na sheria ikikaa bila kazi inajitafutia.

Barua ilikuja kwa pikipiki. Tume ya Nasaba za Mimea ilimtaka Daktari Nzunda afike Jumatatu pamoja na nyasi-mbuzi, shahidi aliyeshuhudia ndoa, na mbegu zote za kituo za kizazi cha sita.

Siku hiyo, katika bonde lote, kilichokuwa kimesimama wima ni kile kitalu chetu kimoja. Kulia dhahabu ya serikali imelala chini, kushoto imelala chini, katikati masuke yetu yameinua ndevu. Daktari aliivuna kwa mkasi, akaketi na sinia mapajani, akaanza kusugua masuke kwa viganja. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Punje zikawa zinaruka nje ya sinia.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "kilichoanguka ni cha nani?"

"Cha mjane, Daktari."

"Hata kama aliyeangusha ni mzembe?"

"Hata kama ni mzembe."

"Basi Mungu anisamehe uzembe wangu."

Na mikono ikazidi kumtetemeka. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka tisa; hajawahi kuangusha hata ganda la karanga. Nilipiga magoti nikaokota punje hamsini na tano, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Zilizobaki kwenye sinia akazitia katika bahasha ya kituo, akaandika, akagonga muhuri. Kuanzia hapo hatukulizungumza tena. Ila sote wawili tulijua kwamba zile hamsini na tano zikifa, hakuna mtu katika nchi yetu atakayekula mkate tena, labda Baba wa Suke, ambaye wake huletwa kwa ndege.

*

Tume ilikaa katika ghala la taifa, palipokuwa na nafasi ya kutosha kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pelegwa, kanali mstaafu mwenye shahada nne, tatu alipewa kwa heshima na ya nne kwa hofu.

Kwanza waliingiza nyasi-mbuzi, shina moja ndani ya kopo, kati ya askari wawili wenye bunduki. Ikasomewa shtaka la kuingia katika familia ya taifa bila idhini.

"Una la kusema?" akauliza Mwenyekiti.

Mlango ulikuwa wazi, upepo ukaingia, ile nyasi ikayumba kidogo.

"Iandikwe kwamba mtuhumiwa ametikisa kichwa kwa dharau."

Kisha wakamsimamisha Daktari. Akaanza kueleza pole pole, kama alivyonieleza mimi, kwamba baada ya ndoa ya kwanza uzao wa kiume ulirudishwa kwa mama mara sita, ili...

"Kwa nani?" Mwenyekiti akavua miwani.

"Kwa mama, Mheshimiwa."

"Mtoto wa kiume. Kwa mama yake mzazi. Mara sita." Akawageukia wajumbe. "Na mshahara tunamlipa!"

Ghala likaguna. Mama mmoja wa kamati ya maadili akajifunika uso kwa faili. Mheshimiwa Pelegwa akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu wajumbe! Ngano ya taifa ni mama yetu sote. Je, mama yetu anaumwa? Haumwi! Redio imesema amekuwa dhahabu. Sasa mtu anayemletea dawa mama asiyeumwa anataka nini? Anataka mama ajue kwamba anaweza kuumwa! Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, ndugu wajumbe, hapo hapo!"

Kikundi cha makofi, kilichokaa safu ya tatu, kikapiga makofi dakika mbili kama kilivyoelekezwa.

Ikawa zamu yangu. Wakaniwekea Kitabu Kitakatifu, nikaweka mkono juu yake. Kilikuwa cha baridi.

"Mama wa mbegu hizi ni nani?"

"Ushindi, Mheshimiwa."

"Na baba?"

Nilijua kwamba kutaja ngano yoyote pale kungeziokoa zile za kwenye bahasha. Vibandiko niliviandika mimi, na hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko wangu. Lakini mkono ulikuwa juu ya Kitabu, na mimi jambo moja sina maneno mawili ya kulisema.

"Nyasi-mbuzi."

"Nani aliyewaoza?"

"Mimi. Mikono ni yangu, kibano nilishika mimi, sala nilisema mimi. Kama ni kosa, ni langu."

"Elimu yako?"

"Darasa la saba."

Akatabasamu kwa masikitiko. "Mama, hili ni kosa la ngazi ya shahada. Mtu wa darasa la saba hawezi kulitenda hata akijitahidi. Usijikweze." Watu wakacheka. "Niambie tu. Mbegu zote za kituo ziko hapa mezani?"

"Za kituo ziko zote, Mheshimiwa."

Yeye alikulia kambini. Hakuwahi kusimama kwenye uwanja wa kupuria, kwa hiyo hakuwa na swali la pili.

Ningeachiwa pale nikakae, mambo yangekwisha kwa bahasha peke yake. Lakini alitaka kunipa funzo. "Na wewe, mcha Mungu, mtu mzima, ulipoambiwa umwoze mama wa taifa kwa majani ya mbuzi, hukuona haya?"

"Sikuona, Mheshimiwa, kwa sababu niliambiwa yeye mwenyewe ndivyo alivyozaliwa. Zamani sana, kabla watu hawajaandika, nyasi moja iliolewa na nyasi nyingine, na binti yao akaolewa na nyasi ya tatu, wa ukoo wa huyu aliye kwenye kopo. Ndipo ngano ikapatikana. Hata Ushindi, baba wa mababu zake ni nyasi-mbuzi."

Kikundi cha makofi kikatazamana. Mmoja akapiga kofi moja, akaacha.

Mheshimiwa Pelegwa alitazama bendera ukutani, akaitazama kofia yake mezani, lile suke la nyuzi za dhahabu. Nilimwona anahesabu kwa midomo: mtoto ni wa baba, na baba ni wa alikotoka, hata vipite vizazi vingapi.

"Nani," akauliza kwa sauti ndogo sana, "aliyekuambia hayo?"

Mkono wangu bado ulikuwa juu ya Kitabu. Nikamgeukia Daktari. Akaniitikia kwa kichwa, vilevile kama alivyozoea nikimsogezea suke usoni na kumuuliza, "Tayari?"

"Daktari Nzunda," nikasema.

*

Tume ilitoka kwenda kupiga simu. Iliporudi, ikaamua kwamba maneno yangu hayakusemwa. Watu wote mia tatu tuliokuwamo tukatia saini fomu ya kuthibitisha kwamba hatukusikia. Palipotakiwa kuandikwa ni nini ambacho hatukusikia paliachwa wazi. Daktari akaambiwa amefanya kazi kubwa maisha yake yote.

Bahasha ilichomwa nje, ndani ya karai, na bendi ya shaba ikipiga. Punje zilipoanza kukaanga, ile harufu ikatoka. Harufu ya mkate. Mpiga tarumbeta akashindwa kupuliza kwa sababu mdomo ulimjaa mate. Kumbukumbu rasmi zinasema wananchi walimeza mate kwa hasira.

Daktari alipopitishwa mbele yangu, kati ya wale vijana wa viatu vya mpira, alisimama. "Mama, usisahau kumwagilia maua," akasema. Kijana mmoja akaandika.

*

Mavuno yalitangazwa kuwa makubwa kuliko yote tangu nchi iumbwe. Katika duka la ushirika wakaweka mikate mitatu nyuma ya kioo, ya plasta, imepakwa rangi vizuri, na foleni ya kuitazama ilianza alfajiri. Ikaja Kampeni ya Wepesi, inayosema mwananchi mwepesi hailemei nchi yake. Fundi cherehani wetu alipunguza nguo za watu mpaka akaishiwa uzi. Mazishi yakapangiwa siku maalumu, Jumanne na Ijumaa, ili yasionekane mengi.

Mwezi wa nane koti la Daktari lilirudishwa kituoni. Limefuliwa, limepigwa pasi. Katika miaka tisa sikumwona akivaa kitu kilichopigwa pasi. Nikaingiza mkono mfukoni. Hapakuwa na hata ganda moja la karanga.

Mwezi wa tisa serikali ikaleta Kampeni ya Maua, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamebaki udongo mtupu na Baba wa Suke alikuwa na ziara. Kila nyumba ikapewa makopo kumi na mawili matupu ya mafuta ya kula na amri ya kuyapanga barazani. Maua yenyewe mtu ajitafutie.

Makopo kumi na moja nikapanda punje tano tano. La kumi na mbili nikapanda Ushindi, kwa sababu Daktari alinifundisha kwamba mzima humjui mpaka umweke kitanda kimoja na mgonjwa. Mkaguzi akapita na orodha.

"Maua gani haya, mama?"

"Hayajachanua, baba."

Akaweka alama ya vema, akaenda zake.

Yalipokaribia kutoa masuke nikayahamishia uani. Ushindi ikageuka rangi ya tofali ndani ya wiki mbili, ikalala, vumbi lake likawapaka wenzake wote. Nikawafuta kwa kidole kimoja kimoja. Chini ya vumbi walikuwa kijani. Wakasimama na ndevu zao nyeusi, wembamba, sura wamechukua ya baba. Mashina hamsini na tano. Kila nilipomaliza kusali nilitoka kuyahesabu, na kila niliposikia kiatu cha mpira barabarani, au nilipodhani nimesikia, maana viatu vile havisikiki, nilikaa mlangoni pa uani na uteo wangu kama mtu anayepepeta.

*

Mama Sikitu alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza, saa tisa mchana. Hakupitia ukutani kama siku zote. Alibisha hodi mlango wa mbele, daftari kwapani.

"Karibu, jirani."

"Nimeshakaribia. Mwenzangu, wiki hii sina hata mstari juu yako. Unakwenda, unarudi. Niandike nini?"

"Andika nimekukaribisha maji."

"Hayo niliandika wiki iliyopita."

Alikuwa amekonda hata kanga ilimzunguka mara mbili. Ile karatasi mlangoni kwake ilikuwa na miezi minane sasa, jua limekula wino. Ungeweza kusoma ANAPU tu. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi hakuwa sebuleni.

Alikuwa uani, amesimama mbele ya makopo.

Asubuhi ile nilikuwa nimesugua suke moja kuona kama limekomaa, na punje zilikuwa zimeniponyoka chini, sijaziokota bado. Barabarani gari la Tume lilikuwa linapita na kipaza sauti, linawapongeza wananchi kwa wepesi wao. Tukangoja wote wawili mpaka lipite.

"Mama Eliamani."

"Abee."

"Maua yako yana masuke."

"Yanayo."

"Na hayana dhahabu."

"Hayana, jirani. Ile ya pembeni ndiyo ilikuwa nayo. Imekufa."

Akasogea. Akagusa ndevu za suke kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa. Penseli ilikuwa sikioni kwake. Nikamwona anaitoa, analifungua daftari, anatafuta ukurasa. Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Hii ngano," akasema, "baba yake nani?"

Nikavuta pumzi nimjibu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Anajua ninavyojibu, ananijua miaka ishirini. Nilimjibu ukutani, nikawajibu kwenye ghala, na wote aliwaona walikokwenda, Daktari wangu na mume wake.

Akainua kiganja mbele ya uso wangu.

"Usinijibu."

Akafunga daftari. Akatazama chini, kwenye zile punje zilizotapakaa miguuni pake, na nikajua atakunja sketi aziruke kama anavyoziruka siku zote.

Hakuziruka. Alipiga magoti. Akaanza kuziokota moja moja, pole pole, akiipuliza kila moja vumbi kabla ya kuitia kwenye pindo la kanga. Moja ilikuwa imejificha chini ya kopo. Akalisogeza kopo kwa mikono miwili, akaichukua, akalirudisha lilipokuwa. Sikumsaidia. Punje za mjane hazikuwa zangu peke yangu tena.

Alipomaliza alilifunga lile pindo fundo, akalikaza kwa meno. Akainuka, akapita sebuleni, akafungua mlango wa mbele, akatoka.